Wiki Sita Mu Kambi Yetu ya Zamani

Baraka, siku moja mbele ya safari yako

Faila, binti yangu, mama yangu,

Kaa chini kwanza. Usisome barua hii umesimama, sawa muntu anasoma tangazo ku mulango ya nyumba ya masomo. Niko naiandika tangu asubuhi, na sasa jua imeanza kuelekea milima ya Fizi na mi niko tu ku ukurasa ya pili. Ya kwanza niliipasula. We umeenda kuaga bashangazi zako, mama yako iko nakaanga samaki ndakala za safari, na mi nimekaa nyuma ya nyumba juu ya matofali yenye ilibakia, kaye ya kuandikia ku magoti. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primeri, unajua. Lakini mwalimu yangu alisemaka kama ningeendelea ningekuwa gavana. Alisema mbele ya bantu, si kwa siri.

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya chandarua, ya kuchunga lesepase ya kuvukia mupaka isilowe, mi siingii ndani. Mama yako atakuambia mara kumi na mbili na utamuitikia mara kumi na mbili. Mi nakuandikia kitu yenye siwezi kusema na kinywa, juu kinywa yangu njo iko na makosa.

Unanijua. Mi Wilondja siogopaka. Kutoka Makobola mpaka Fizi, uliza fundi gani wa matofali alikuwa anachoma tanuru wakati bengine bote balikimbia, batakutajia jina moja. Kanisa ile yenye inaonekana toka mbali ku ziwa, kuta yake ni mikono hii. Mvua zote hizi, tofali hata moja haijaanguka. Lakini tangu siku ulileta ile karatasi ya programu, bastudia kumi na wawili, wiki sita, kusaidia bagonjwa mu dispansere na kuchunga batoto mu kambi ya bakimbizi kule ng'ambo, upande ya Kigoma, naogopa.

We ulifikiri ni juu ya ziwa. Ukaniambia, "Baba, boti iko na jile za kuokolea bantu." Kisha ukafikiri ni juu ya vita, ukaniambia, "Baba, kule usalama iko kupita hapa." Kweli. Nikakukaripia, nikasema binti hapandi boti bila ruhusa yangu, nikakaa siku tatu bila kula ku meza moja na we. Mama yako akacheka: "Muzee amevimba sawa chura." Nilivimba, ndiyo. Lakini haikuwa ziwa na haikuwa vita. Naogopa kinywa yako, Faila. Ni kinywa yangu. Nilikupa siku ulizaliwa, bila kukuuliza.

Ngoja nikuambie vile nilijua.

Unakumbuka vakansi ya mwaka jana, ulikuwa unaenda ku kambi ya Lusenda na bavijana ya kanisa kusaidia Barundi. Ulikuwa unarudi na vumbi mpaka ku nyusi, unaimba. Mi nilikuwa najisifu ku soko: "Mutoto yangu njo anatunza bakimbizi, bengine bao banatunza simu tu." Kisha masomo ikafunguliwa, ukarudi Uvira. Siku zikapita. Asubuhi moja, bibi moja Murundi akafika hapa kwetu. Macho yake ilikuwa nyekundu, na usaha ku kona, fimbo ku mukono, miguu imejaa vumbi. Alitoka Lusenda kwa miguu, akalala njiani kwa bantu ya kanisa.

"Hapa njo kwa Faila?"

"Njo hapa. Mi baba yake. Ile kanisa umepita pale—"

Hakungoja nimalize. "Alisema atarudi Jumamosi na dawa ya macho. Jumamosi ikapita. Ingine ikapita. Nikasema, pengine mutoto ya bantu amegonjwa. Niende nimuone."

Faila, unasikia? Hakukuja kuomba dawa. Alikuja kukuangalia we, kama uko muzima.

Na mi nilifanya nini? Nilifungua kinywa. Nikamuambia, "Mama, Faila iko muzima, iko ku masomo tu. Atakuja Jumamosi." Nilisema hivyo na sauti ya muntu mukubwa, na kichwa nikaiinua. Mama yako alimupa maji na muhogo, tukamutafutia pikipiki ya kumurudisha. Akaondoka anafurahi. Alipoenda, nilibakia nimesimama mu jua kali. Nikajisemea: Wilondja, umefanya tena. Umefanya ile ile.

Siku tatu kisha, nilinunua matone ya macho ku farmasi, nikaenda Lusenda mi mwenyewe. Nikazunguka mahema, nikauliza, nikapiga kelele sawa muuza sabuni. Bajirani bakaniambia, "Ule bibi? Amerudi Burundi na bale benye balikuwa banarudishwa jana." Nikabakia na kachupa ku mukono. Nikampa mama moja mwenye mutoto wake alikuwa na macho mabaya. Kisha nikarudi nyumbani, na sikukuambia kitu.

Ungenijibu, "Baba, nilisahau tu, ilikuwa wakati ya egzame ku masomo." Najua ulisahau. Mwenye kusahau anasahau mara moja. Mwenye kungoja anangoja kila siku.

Sasa nakuja ku kambi.

Unajua tuliishi kule ng'ambo, mu kambi ile ile yenye unaenda, miaka mingi mbele we uzaliwe. Unajua ulikuwa na kaka, Lokendo, na tulikuambia alikufa na malaria. Hapana. Haikuwa malaria. Nitafika pale, usinisukume. Nikianza na pale, biki ya kuandikia itaanguka.

Kule kambini nilikuwa shefu ya matofali. Hakuna muntu alinichagua, lakini bote balijua. Mwaka moja kukatoka bavolontere, bastudia sawa we, bazungu ya inchi moja ya baridi. Balikuja kwa wiki tatu kutujengea nyumba ya masomo. Balikuwa bazuri, usinielewe mubaya. Balikanyaga udongo na miguu mitupu, mikono yao ikatoka malengelenge, jioni banaimba nyimbo zao. Bakafyatua matofali wiki moja na nusu. Kisha kiongozi yao akakuja kwangu na mukalimani.

"Shefu, tunaondoka Jumamosi. Tunapenda kuona moto mbele ya kuenda. Inawezekana?"

We ni mutoto ya fundi, unajua jibu. Tofali inakauka kwanza mu kivuli, chini ya nyasi, unaigeuza, unaingoja wiki mbili, tatu kama mawingu iko. Ukiitia moto ingali na maji mu tumbo, inapasuka. Hata mutoto wa Baraka anajua. Na mi nilijibu nini?

"Kwangu yote inawezekana."

Tukapanga tanuru, tukaipaka udongo, tukawasha. Moshi ikapanda sawa kitu ya ajabu. Bakapiga foto mbele yake, mi katikati, mikono ku kiuno. Jumamosi bakaenda. Tulipofungua, karibu yote ilikuwa vipande. Bantu ya blok yetu bakacheka mpaka machozi, kisha tukafanya kazi ile upya, mwezi muzima, bila muimbaji. Ukifika utaona nyumba moja ya masomo, ya kuta nyekundu, kama ingali imesimama, na pengine batakuambia ilijengwa na bavolontere. Nyamaza tu. Matofali ya bavolontere iko chini ya njia, tulijazia mashimo.

Nacheka nikikumbuka ile. Ya pili, sicheki.

Kati yao kulikuwa binti moja, jina yake Klara. Alikuwa sawa we sasa, miaka makumi mbili na kidogo, anasoma udaktari mwaka ya pili. Kaka yako alikuwa na miaka tisa. Mguu yake ya kuume, chini ya goti, ilikuwa na kidonda yenye haikutaka kufunga. Mufupa ilikuwa inaoza ndani. Kwa hiyo hakukanyaga udongo na bengine. Alikuwa anakaa ku kivuli ya nyasi za matofali na kutukana kazi ya bazungu. Alikuwa na kinywa yetu.

"Klara, tofali yako iko sawa mukate imekaliwa na muntu!"

Klara alikuwa hasikii kitu, anacheka tu. Akaanza kujifunza Kiswahili kwake.

"Sema 'udongo'."

"Udongo."

"Sema 'Lokendo ni shefu'."

"Lokendo ni shefu!"

Bantu bakaanguka na kicheko. Mi nikamuita, "We, mi njo shefu hapa!" Akanijibu, "Baba, we ni shefu ya matofali. Mi ni shefu ya bazungu."

Siku ya mwisho Klara alipiga magoti mbele yake, akashika ile mguu na mikono miwili, bila kuogopa harufu. Alilia. Akasema na Kiswahili yake ya wiki tatu, kisha mukalimani akarudia ili tusikie muzuri: mwalimu wake ni dokta ya mifupa, ataongea naye, na ye mwenyewe atarudi mbele ya mvua kumuchukua Lokendo kumupeleka kwao. Machozi yake ilikuwa ya kweli, Faila. Nimeifikiria miaka yote hii, sikupata uongo ndani. Ilikuwa ahadi ya machozi tu, na machozi inakauka njiani.

Wiki mbili kisha, infirmiye, mwenye kutunza bagonjwa mu dispansere, akakuja kwetu. Mugonjwa moja wa blok angeweza kuenda na gari mpaka lopitali kubwa ya Kigoma. Nafasi ilikuwa moja.

"Baba Lokendo," akasema, juu kule hivyo njo nilikuwa naitwa, "jina ya mutoto wako njo iko mbele. Gari inaondoka Alhamisi. Lakini nakuambia wazi: pengine batakata mguu."

Nikasimama. "Mutoto ya Wilondja hakatwi sawa kuni. Huyu ataenda na ndege."

"Ndege gani?"

"Ya Klara."

Mama yako alikuwa anatwanga majani ya sombe. Akaacha muchi hewani. "Baba Lokendo, mguu moja inatosha kutembea mu nyumba ya mama yake."

Nikamuambia anyamaze, hajui mambo ya inchi za mbali. Kisha nikatoka, nikaenda blok kwa blok kutangaza: mutoto yangu anaenda Ulaya. Bantu bakanicheka na kunionea wivu pamoja. Jirani moja akaniita, "Baba Lokendo, ukipanda nayo utuletee mukate ya kule juu!" Nikamujibu nitamuletea mbili.

Alhamisi gari ikakuja. Nikasema hapana. Nafasi ikaenda kwa Sefu, mutoto ya Mama Nyota, mulango ya tatu toka kwetu, mwenye alikuwa na kidonda sawa ile ku mguu. Gari ikaondoka.

Tukangoja. Kila mara gari ya bageni ilipoingia kambini, kaka yako alikuwa anaenda ku njia na fimbo, anaruka ruka, anakaa ku jiwe pale mpaka bashuke bote. Kisha anarudi. "Si ye," anasema. Barua moja ilifika toka kwa Klara, na foto ndani: ye mbele ya moshi ya tanuru. Nyuma aliandika "Nawakumbuka." Nikaibandika ku ukuta ya nyumba, bantu bakuje kuona. Mvua ikaanza. Homa ikaanza. Mguu ikavimba mpaka ku paja. Infirmiye akatafuta gari ingine, barabara ilikuwa imekatika. Alikufa siku ya Mungu, mu dispansere, wakati bantu bengine balikuwa banatoka misa.

Hapa nilitaka kumaliza. Niliandika "basi" na kupiga mustari chini.

Mama yako ametoka mu jikoni sasa hivi, mafuta ku mikono.

"Unaandika nini tangu asubuhi, muzee?"

"Naandikia mutoto."

"Umefika wapi?"

"Pa gari."

Akasimama. Hajui kusoma, lakini aliangalia kaye yangu sawa muntu anasoma. "Umeandika gari ilikuja tu, ao umeandika mutoto alikuwa ndani?"

Nikafunika kaye na mukono.

"Andika mutoto alikuwa ndani." Akarudi ku ndakala zake.

Miaka hii yote hakuwahi kutaja ile siku. Hata mara moja. Nilifikiri amesahau. Faila, ona vile mi ni mupumbavu: nilifikiri amesahau.

Basi. Alikuwa ndani.

Asubuhi ile nilienda ku tanuru mapema. Mama yako hakuniambia kitu. Alimuosha Lokendo, akamuvalisha shati ya bleu, akamubeba mugongoni mpaka ku gari, akamuweka pembeni ya dirisha na chupa ya maji. Muntu akakimbia kuniita: "Baba Lokendo, mutoto wako iko naenda!" Nikafika na udongo mpaka ku viwiko. Bantu balikuwa bengi, unajua vile kambini, gari ikisimama bantu banatoka sawa siafu. Na bale bote nilikuwa nimebaambia mambo ya ndege. Ule wa mukate alikuwa pale. Banaangalia gari, banaangalia mi.

Nikafungua mulango.

Lokendo akaniambia polepole, bengine basisikie: "Baba, wacha tu niende. Klara akikuja, atanikuta Kigoma."

Ona akili ya mutoto. Kitu yenye mi sikuona, mwanaume muzima, ye aliiona. Angeweza kuenda na kungoja kule. Alinifungulia njia ya kutoka bila haya. Na mi nikamushika chini ya makwapa nikamushusha. Alinishika shingo. Hakulia. Nilipomuweka chini, vidole vyangu vyote vilikuwa ku shati yake ya bleu, kumi, ya udongo.

Infirmiye akasema nafasi haiwezi kuenda bure. Mama Nyota hakungoja amalize. Alimurusha Sefu ndani sawa mufuko ya muhogo, bila viatu, bila chupa ya maji, bila kitu. Bakafunga mulango. Mama yako alibakia amesimama na kile kitambaa yenye alimubebea.

Miaka mingi nilisema ni Klara. Nilimulaani Klara kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Klara hakuwa pale, mama. Sikumushusha mutoto juu ya Klara. Nilimushusha juu ya bantu benye balikuwa banaangalia.

Na nikuambie kitu ingine yenye hata mama yako hajui. Ku ile barua ya Klara kulikuwa adrese. Sikumuandikia hata siku moja kumuambia mutoto amekufa. Nilisikia haya. Pengine na ye aliongea na mwalimu wake, mwalimu akakataa, akasikia haya kutuandikia. Pengine mpaka leo, kule kwao, ni mama wa batoto, anafikiri Lokendo ni kijana mukubwa anachoma matofali. Haya iko ku pande mbili ya dunia. Siwezi tena kumuchukia. Nimejaribu, nimechoka.

Sefu alirudi kisha miezi miwili, mguu moja, mashavu imejaa. Alinisalimia: "Shikamoo, Baba Lokendo." Nikageuka njia. Tangu siku ile nilikuwa nageuka njia kila nikimuona, mpaka tukarudi huku Baraka. Nasikia angali kule, ni muntu mukubwa, anashona manguo karibu na soko ya kambi na cherehani ya mukono. Utamuona. Usikimbie kulia mbele yake, hajakosa kitu. Umuamkie, umuambie we ni mutoto ya nani. Akikutukana, pokea. Akikupa kiti, kaa. Mi siwezi kukuambia atafanya nini; nilimunyima sura yangu miaka mingi.

Sasa unajua kwa nini naogopa. Sikufungi njia. Nilitaka, kweli, na kama ungekuwa na roho laini ningekufunga. Lakini uko na roho ya mama yako, na nashukuru.

Nakuona vile itakuwa. Nakuona wazi mpaka naogopa. Utafika, batakupokea na nyimbo, batakuvalisha jile yenye jina ya programu. Batoto batakushika kila kidole. Mama moja atakuja kukuonyesha mutoto wake, atafungua kitambaa, na ndani kutakuwa kitu yenye we na masomo yako ya miaka miwili hamuwezi. Roho yako itajaa. Machozi itakuja. Na ule mama atakuangalia machoni, sawa vile mi nilimuangalia Klara. Kinywa yako itafunguka yenyewe juu ni muzuri kutoa kitu, na wakati mikono iko mitupu, kitu ya kutoa inabakia moja tu, ni neno.

Pale pale. Pale njo naogopa.

Mi sijui dawa. Ningejua ningekuwa nimeinywa. Nafikiri tu hivi: siku ya kwanza, mbele bakupende, taja siku utaondoka. Sema, "Niko hapa wiki sita, kisha naenda kwetu Baraka, na sijui kama nitarudi." Batakupenda kidogo tu. Iache iwe hivyo. Mutoto akikuuliza kesho utakuja, na haujui, sema haujui. Ni neno ngumu, mi mwenyewe sijawahi kuisema mbele ya bantu, miaka hii yote. Mama yako atakuambia. Na kama kuko gari, hata gari mubaya, hata ya kukata mguu, saidia mutoto apande. Usisimame kati ya mutoto na gari na kitu muzuri yenye iko mbali.

Kama utasahau yote hii na utaahidi, juu we ni damu yangu, basi andika. Hata kama ni kusema haukuweza. Muntu anaweza kuishi na "sikuweza". Lokendo angepanda gari ingine, pengine, kama ingefika barua ya "sikuweza" mbele ya mvua.

Sitakuambia pahali pa kaburi. Kama mama yako anataka, atakuambia ye.

Harufu ya ndakala imeisha, maana yake amemaliza, na sauti yako iko naisikia ku njia, unacheka na bashangazi. Lazima nikunje karatasi.

Kesho ku boti bantu batakuwa bengi na mi najijua. Nitaongea na sauti kubwa. Nitamuambia kapiteni huyu njo binti ya Wilondja, amupe pahali pazuri, hakuna binti sawa ye mu Fizi yote. Usinisikilize. Na naomba kitu moja, mi mwenye siombaka. Usiniambie, "Baba, nitarudi." Hata kama karatasi ya programu iko na tarehe. Ukisema hivyo nitaanza kungoja, na kungoja naijua, niliifundisha mutoto yangu mpaka ikamumaliza ku jiwe pale njiani. Sina nguvu ya kukaa ku jiwe ile.

Sema tu, "Baba, naenda."

Nami nitakuambia, "Enda, mama." Yenye itakuja kisha, tuiache.

Baba yako,
Wilondja, kwa mukono yake mwenyewe